Zamu ya Mwenye Sauna

Pihla alikuwa wa mwisho kutoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na mlango aliubana kwa mkono wake mwenyewe. Ndani hakubaki mtu. Hata hivyo alisikia maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, shaaa, kama kuna mtu ameketi raha mustarehe anajiongezea mvuke.

Hakushtuka. Kwao kila mtoto hulelewa hivyo: watu wakimaliza kuoga, wa mwisho humwaga kata moja ya maji, hushukuru, hufunga mlango, na zamu inayofuata ni ya mwenyewe. Huyo mwenyewe ni jini la sauna, mzee kuliko magogo ya kuta, na hana ugomvi na mtu ila asiingiliwe zamu yake. Wasomi humcheka, lakini kata ya mwisho hawaachi kumwaga.

"Mama kuku, vifaranga wako wameiva?" Jalmari alimwuliza alipoingia jikoni.

Yeye na Pihla walikuwa walezi, wanafunzi wa mwaka wa tatu waliopewa kundi la wanafunzi wapya wawazoeshe chuo: maktaba iko wapi, chakula cha mchana kinaliwa wapi, na mtu afanye nini asilie peke yake chumbani Novemba, jua linapozama saa tisa alasiri. Jioni hiyo walikuwa wamewaleta kwenye nyumba ya magogo kando ya ziwa. Soseji zilikuwa motoni.

"Wameiva wote, kasoro Taimi."

"Huyo hatakuja."

Hawajamaliza kumsema, Taimi akatokea mlangoni na taulo kwapani. Alikuwa msichana wa kaskazini, mpole kupita kiasi, ambaye tangu Septemba alikula peke yake. Juzi alimwambia Pihla kwamba jioni hii nayo ikishindikana, anaacha masomo na kurudi kwao. Pihla mwenyewe mwaka wake wa kwanza alikuwa akila kwenye ngazi, akijifanya anasoma simu, naye alikuwa ameapa kwamba katika kundi lake hilo halitamfika mtu.

Taimi aliziona nywele za wenzake zilizolowa, akaelewa.

"Mmeshamaliza," akasema, akitazama viatu vyake. "Basi, si kitu."

"Si kitu" hiyo Pihla aliijua. Husemwa na mtu ambaye sanduku lake limeshafungwa.

"Mawe bado yana moto. Njoo, nitaingia nawe."

Jalmari akamvuta kando. "Umeshamwaga ya mwisho?" akanong'ona.

"Nimemwaga."

"Basi mna mwenyewe humo. Pihla, usilete mchezo."

"Nikimwacha aondoke leo, kesho anafunga virago. We na ukubwa wako wote unaogopa hadithi za bibi?"

"Naogopa, ndiyo. Na wewe unaogopa, basi tu unajikaza."

Ni kweli aliogopa. Lakini huruma nayo ina kiburi chake. Akamshika Taimi mkono, akaufungua mlango wa sauna, na ili kumtia moyo akayasema kwa sauti maneno aliyomwambia kila mgeni siku ya kwanza: "Kwetu hakuna anayeachwa nje. Ingia, ukae nasi."

Hakufikiri ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza.

Ndani mlinuka moshi wa kale na majani yaliyooza. Benchi la juu lilikuwa limelowa, lina joto, kama mtu amesogea sasa hivi kuwapisha. Wakaketi. Kwa mara ya kwanza Taimi akaongea, akasimulia kwao, mbwa wake, kaka yake mtundu, hata akacheka, na Pihla akaona raha moyoni.

"Asante," Taimi akasema ghafla, akajisogeza. "Nafasi inatosha."

"Unamshukuru nani?"

"Si huyu mwenzetu hapa pembeni." Sauti yake ikashuka. "Kwani hukuja naye wewe?"

Pihla akatazama asione kitu ila giza la kona. Akataka kucheka, lakini kata ilikuwa mkononi mwake na ndoo ilikuwa miguuni pake, na bado maji yakamwagika juu ya mawe, shaaa, mvuke ukapanda mzito mweupe hata asiyaone magoti yake mwenyewe, na ndani ya mvuke ule kitu kikavuta pumzi ndefu, ndefu mno, pumzi ya aliyengoja miaka na miaka kuambiwa karibu, naye akawa anapapasa huku na huku akiliita jina la Taimi, mpaka akaupata mkono, akaung'ang'ania, akauvuta, wakaporomoka benchi hadi benchi, akausukuma mlango kwa bega na kuanguka kwenye theluji.

Mkono alioushika ulikuwa wa moto, tena mkavu.

"Kumbe mlezi wetu mwoga hivi," Taimi akasema, amesimama juu yake akitabasamu. "Inuka, tukale soseji."

Tangu jioni hiyo Taimi akachangamka. Kila mtu alimpongeza Pihla kwa kazi nzuri, isipokuwa Jalmari, ambaye alianza kukaa mbali. Theluji haikutua kwenye nywele za Taimi. Akiinuka darasani, kiti chake kilibaki kimelowa, kikinuka moshi. "Si kitu" hakuisema tena kamwe. Siku hizi alikuwa akiwatafuta waliokula peke yao, anawawekea mkono begani.

Pihla akashindwa kulala. Mwishowe akampigia simu bibi yake, akamweleza yote.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "ulimwona unayemtoa, au ulishika mkono tu?"

Pihla akaukumbuka ule mvuke mzito mweupe.

Kesho yake mchana akapanda basi hadi ziwani. Sauna ilikuwa baridi, barafu imeganda kwenye kitasa. Akaufungua mlango. Mabenchi yalikuwa makavu, ila pale juu, mahali pa kuketi mtu mmoja, palilowa.

"Pihla?" sauti ndogo ikatoka hapo palipolowa. "Nimechelewa, eti? Basi, si kitu."

Pihla akalia. "Nipe mkono, Taimi. Nimekuja kukutoa."

"Siwezi. Mwenyewe alisema zamu yangu itakwisha akija mwingine kukaa."

Nyuma, njiani, theluji ikalia chini ya viatu. Pihla akageuka. Yule Taimi mwingine alikuwa anakuja, kichwa wazi kwenye baridi ile, amebeba kuni, na kando yake alitembea msichana mgeni mwenye taulo kwapani na haya usoni.

"Karibu," alikuwa akimwambia kwa upole, sauti ni ya Pihla mwenyewe. "Kwetu hakuna anayeachwa nje."

Pihla akasimama mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili, akaiziba njia.

"Pihla," Taimi akamnong'oneza kutoka ndani, "mwache tu huyo mgeni aingie."