Gongo Kwenye Tangi la Pikapu

Kila asubuhi ya likizo, Advera alimsaidia baba yake mdogo, Sylvester, kupakia ndoo za asali kwenye pikapu. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la usukani wa kushoto, na lilikuja kutoka ng'ambo pamoja na kitabu chake cha Kiingereza. Pale kijijini, ndani kabisa ya misitu ya Sikonge, hakuna aliyekigusa kitabu hicho mpaka Advera alipofika kutoka Isevya, mjini Tabora, alikokuwa akisoma darasa la sita.

Binti huyo akakivamia. Haikupita wiki, akawa anazitaja injini kama wenzake wanavyotaja wachezaji wa mpira. Zilikuwa injini za ukoo mmoja, alieleza, zote za silinda nne. Ile ndogo, ya lita moja nukta nne, hunywa petroli tu. Dada yake mkubwa, wa lita moja nukta sita na valvu kumi na sita, hunywa petroli, au alkoholi iitwayo ethanoli, au vyote viwili vikiwa vimechanganywa.

"Na yetu ni hiyo kubwa," alisema huku akigonga boneti.

"Mwanangu huyu ana kichwa," Sylvester akawaambia majirani, na Advera akavimba kwa sifa. Hakumwambia mtu kwamba chini ya jedwali la injini palikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo iliyomshinda. Aliiruka tu. Watu walikwisha kumsifu, naye akaona aibu kuuliza.

Jumamosi moja, mama mdogo Pelagia, mke wa Sylvester, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya wakati wake. Bibi mkunga alipomtazama, uso ulimbadilika.

"Anatokwa na damu," alisema. "Mkimbizeni kituo cha afya. Hapa mimi siwezi kitu."

Wakamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, bibi mkunga akiwa kando yake. Sylvester alipowasha gari, mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa. Walisimama kwa muuza petroli wa barabarani, lakini siku hiyo chupa zake zote zilikuwa tupu.

"Baba mdogo, tutie gongo," Advera alisema. "Gongo si alkoholi? Injini hii inakubali. Nimesoma."

Sylvester alimgeukia. Jasho lilikuwa likimchuruzika. "Una hakika?"

Ile mistari miwili ilimpitia Advera kichwani. "Nina hakika," akajibu.

Gongo lilipatikana nyuma ya nyumba moja, kwa kunong'onezana, kwa kuwa ni pombe haramu na hakuna aliyetaka kuonekana nayo. Dumu zima likamiminwa tangini. Gari likawaka, likaondoka, na Advera akajiona shujaa.

Ushujaa wenyewe haukufika mbali. Katikati ya msitu gari lilikohoa, likatetemeka, likazima. Sylvester akazungusha ufunguo, akazungusha tena, injini ikalialia bila kushika. Kulia miti, kushoto miti, na simu haikuwa na mtandao. Nyuma, Pelagia aliacha kulia, na kimya chake kilitisha kuliko kilio.

Advera alipigwa na butwaa. Nimemuua mama mdogo, aliwaza.

Bahati yao, wakatokea wakulima wawili wa tumbaku wakiendesha baiskeli. Mmoja wao, Revocatus, hakupoteza muda kuuliza maswali. Alikata miti miwili, wakaifungia blanketi, ikawa machela. Wanaume wote watatu wakapokezana kubeba, Advera na bibi mkunga wakisukuma baiskeli nyuma yao.

Kituoni, nesi aliingia na Pelagia, akafunga mlango. Walikaa nje muda mrefu. Hatimaye ikasikika sauti nyembamba ya mtoto, na nesi akatoka akijifuta paji la uso.

"Wote wawili wazima," alisema. "Lakini mngechelewa kidogo tu, mngewazika pamoja."

Advera aliketi chini kwenye vumbi, akalia.

Kesho yake, fundi Tobias aliivuta pikapu hadi kituoni, akakinga mafuta ya tangini kwenye chupa. Petroli kidogo iliyokuwa imebaki ilielea juu, na chini yake kulikuwa na kitu cheupe kama maji.

"Ni maji hasa, na pombe ndani yake," alisema Tobias. "Gongo karibu nusu yake ni maji. Ethanoli ya gari huwa kali, maji yake ni kidogo mno. Hii injini mmeinywesha mtungi wa maji."

Alisafisha tangi na pampu, akatia petroli, na gari likawaka. Lakini Advera hakufurahi. Alikwenda kwa baba yake mdogo na kile kitabu, akamwonyesha mistari miwili.

"Hii sikuielewa, baba mdogo. Nikakwambia nina hakika."

Nesi, aliyekijua Kiingereza vizuri, aliwasomea kwa Kiswahili: tumia ethanoli ya vituo vya mafuta pekee, maji yataizimisha injini. Sylvester alikifunga kitabu.

"Neno gumu si kosa lako," alisema. "Lakini nilipokuuliza kama una hakika, nilikuwa tayari kusikia kwamba huna. Ungesema hivyo, tungebeba machela tangu pale pale. Mwanangu, anayesema hajui, watu humsaidia. Anayejifanya anajua, watu humfuata, na wewe tulikufuata hadi msituni. Na mimi nimekosa: nilimtwika mtoto uamuzi wa mtu mzima."

Kisha akamwingiza ndani, akamnyooshea kichanga kilichofungwa khanga. "Mpokee mdogo wako."

Advera alinyoosha mikono, akairudisha.

"Sijui kumshika," alisema. "Nifundishe."