Mahameli Juu ya Kompyuta

Kila jioni akitoka chuoni kusoma Kurani, Ghaliya alipita kwa shangazi yake, Bi Rawiya, aliyekuwa akichapa kadi za harusi nyumbani kwake mtaa wa Malindi. Kazi ya Ghaliya ilikuwa kuzima kompyuta, kusubiri ipoe, kisha kuifunika kwa kitambaa cha mahameli kilichotariziwa. Mtaani pale hata redio hailali wazi, seuze kompyuta! Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliringa kwa kazi hiyo utadhani mashine ni yake.

Jumatano moja wenzake walimwita kutoka barazani. Begi la harusi la jirani yao Salhiya, lililojaa nguo na zawadi, lilikuwa limewasili kutoka kwa bwana harusi, na wanawake wote, Bi Rawiya akiwemo, walikuwa wameshakwenda kulitazama. Nani angebaki ndani? Ghaliya alizima kioo tu, akaitupia mahameli mashine iliyokuwa bado inanguruma, akatoka mbio.

Asubuhi alipokuja kuifunua, kitambaa kilikuwa cha moto na chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

"Ghaliya!"

"Naam, shangazi."

"Washa tumalizie kadi za Salhiya. Waalikaji wanatoka kuzigawa nyumba kwa nyumba baada ya alasiri."

"Haiwaki," alijibu huku akitazama chini.

Bi Rawiya alichomeka redio kwenye soketi ileile, ikaimba. Akabadilisha waya wa kompyuta, wapi! Akamwita Hamad, fundi wa Darajani.

"Shikamoo, Bi Rawiya."

"Marahaba, mwanangu. Niokoe, nitaadhirika leo."

Hamad alichomoa waya, akafungua mashine. "Pawa saplai imeungua," alisema, akionyesha kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani. "Msikifungue hiki hata kikichomolewa, umeme hubaki ndani. Kadi zako zi salama, kumbukumbu ya mashine haikuungua."

"Umeme huu! Unakatika, unarudi kwa nguvu!" Bi Rawiya alilalamika.

Ghaliya akashusha pumzi. Lawama imepata pa kwenda.

"Huenda," alisema Hamad. "Lakini kama sababu ni nyingine, hata mpya itaungua. Na pawa saplai mpya nimebaki na hii moja tu."

Ghaliya alimfikiria Salhiya akikosa wageni. "Shangazi, si umeme. Ni mimi. Sikuizima. Nliifunika ikiwa inawaka, nkakimbilia begi."

Hamad aliangua kicheko. "Mmeivisha koti na joto hili! Feni yake ya nyuma ingetolea wapi joto?"

Bi Rawiya alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Kisanduku kipya kilifungwa, feni ikazunguka, kadi zikaanza kutoka. Ghaliya akapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia madirishani. Kabla ya alasiri kadi zote zilikuwa tayari, na mama yake Salhiya alizipokea akicheza mlangoni.

Bi Rawiya alimkalisha Ghaliya karibu naye. "Ungenyamaza, mimi ningeendelea kuulaumu umeme, nawe ungeendelea na haraka zako, na tungeunguza nyingine. Ukikosea, sema mapema ili tutengeneze pamoja."

"Nshafahamu, shangazi. Sasa leo nani ataizima?" aliuliza kwa woga.

"Wewe. Leo nnakuamini zaidi kuliko jana."

Ghaliya alijaa furaha, machozi yakamlengalenga. Jioni ngoma ya harusi ilianza kulia nje, na wenzake wakamwita kwa pupa.

"Nnakuja!" alijibu. Lakini hakuondoka. Aliizima kompyuta, akaweka kiganja nyuma yake, akasubiri ipoe.