Vibati vya Lori la Mzee Masunga

"Lori langu liliingia kwako na vibati vyake vyote, fundi. Leo vimekwenda wapi?"

"Baba Minza, nilivifunga kwa mikono yangu jana. Asubuhi hii nimekuta havipo."

"Kwa hiyo vimeota miguu?"

Watu walicheka. Jumamosi asubuhi, hapo Igawa, nani angekubali kupitwa na ugomvi wa majirani? Hata mama muuza vitumbua alisogea na ndoo yake.

Ikupa, binti wa fundi Alinanuswe, alisimama nyuma ya baba yake. Yeye alijua vilikokwenda.

Lori lenyewe lilikuwa la zamani, la jeshi. Mzee Masunga alilinunua mnadani ili abebee mpunga wake kutoka mashambani Usangu. Panya wakatafuna nyaya zake mpaka taa zote zikazima. Fundi alizitoa nyaya hizo, akazilaza juu ya ubao mrefu, akapigilia misumari kila zilipopinda, kisha akatandika nyaya mpya kwa kufuata njia ileile. Shida ni kwamba nyaya za lori hilo zote ni nyeusi. Huwezi kujua ipi ya breki na ipi ya honi, ila kwa kibati chenye namba kinachofungwa kwenye ncha ya kila waya. Jana yake fundi alivihamisha vibati hivyo kimoja kimoja, kisha akamwambia Ikupa, "Nakwenda dukani kutafuta tepu. Kaa hapa. Mtu asiguse."

Alipotoka tu, akaja Minza, binti wa Mzee Masunga, rafiki wa Ikupa tangu chekechea.

"Shosti, niazime hivyo vibati. Tuna mazoezi ya ngoma na njuga zangu zimekatika. Nitavirudisha kabla baba yako hajajua."

Ikupa aliona haya kumkatalia. Akavifungua. Fundi alirudi giza limeshaingia, akafunika ubao kwa turubai bila kuutazama. Minza hakurudi.

Sasa Minza alikuwa amesimama kando ya baba yake, anatafuna muwa.

"Umeviuza kwa wanunua vyuma chakavu," Mzee Masunga aliendelea. "Leo hii nalivuta lori langu hadi Mbeya. Na kila mwenye gari hapa Igawa atajua kwa nini."

Ikupa alimtazama Minza, akamwomba kwa macho aseme. Minza alitema makapi ya muwa, akamenya pingili nyingine.

"Baba," Ikupa alisema, "ni mimi niliyevifungua. Nilimwazima Minza."

Fundi aligeuka taratibu. Hakugomba. "Mwanangu, si nilikuachia wewe ulinde?"

"Ananisingizia," alidakia Minza. "Mimi vibati vyao nimevionea wapi?"

Ikupa alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Huyu ndiye waliyekaa naye dawati moja miaka yote, na sasa anamwita mwongo mbele ya mtaa mzima, tena bila kupepesa macho.

Mlangoni kwa Mzee Masunga, mkewe Leokadia alikuwa akisikiliza. Aliingia ndani. Alipotoka, watu walimsikia kabla ya kumwona, cha, cha, cha. Mkononi alishika njuga za vibati vilivyotungwa kwa katani.

"Jana uliniambia umepewa na mwalimu," alimwambia binti yake. Akaziweka kiganjani mwa mumewe.

Mzee Masunga alikigeuza kibati kimoja, akaiona namba. Mama muuza vitumbua akakumbuka ghafla kwamba ana wateja.

"Fundi," alisema Mzee Masunga, "nimekuita mwizi mbele za watu. Mbele ya watu haohao nakuomba radhi. Lori linabaki kwako."

Minza alianza kulia. "Niliogopa baba atanichapa."

"Ukaona bora mwenzio achapwe," fundi alimjibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Ikupa, jana nilikuachia jina langu, nawe ukaliazimisha kwa kuona haya. Rafiki akikuomba kisicho chako, mkatalie. Na wewe Minza, mwenzio alikuamini ukamkana mchana kweupe. Ungesema mapema, kosa lingekuwa dogo. Uliponyamaza, sisi ndio tuliochafuka. Haya, namba zimechanganyika. Leo mnashinda hapa."

Wakashinda. Fundi alisoma namba zilizoandikwa kwenye taa na swichi za lori, zinazolingana na za vibati, akaunganisha betri kwenye waya mmoja mmoja upande mmoja wa ubao. Upande wa pili Minza aligusisha balbu ndogo kwenye kila ncha.

"Imewaka," alisema kwa sauti ndogo.

Ikupa alifunga kibati bila kumtazama.

Jua lilipoanza kushuka, kila waya ulikuwa na namba yake. Mama Ikupa alitenga chakula ndani. Minza alinawa grisi mikononi, akaelekea njia ya kwao akiwa ameinamisha kichwa.

"Minza," Ikupa alimwita kutoka mlangoni. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Ingia tule. Mama amepika ndizi."