Zamu ya Kupumua

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mzee Kochi alijilaza chali kwenye kochi la mteja, na karakana nzima ikajua amelala. Fundi viatu wa mlango wa pili aliwaambia wateja wake, "Msishtuke, jirani anawasha trekta." Binti yake Mzee, aliyeshona vitambaa vya makochi humo humo, alishazoea mkoromo. Hakuwa amezoea kimya.

Siku hiyo mkoromo ulikatika na kifua cha Mzee kikatulia. Binti aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. Ndipo alipoona pazia la mlango likivutwa ndani, likisukumwa nje, likivutwa tena taratibu, kama shavu la mtu anayepumua. Nje hapakuwa na upepo. Baba yake alipogutuka na kuvuta hewa, pazia lilitulia.

"Baba, unakata pumzi ukilala," alimwambia alipoamka.

"Nikifa nitakuambia. Nipe gundi."

Binti alimnyang'anya sigara. Alimshonea mpira mgongoni mwa fulana ili asilale chali. Haikusaidia, akampeleka hospitali. Muuguzi alimpima shingo, akampa mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya kuvaa usoni.

"Kelele si kitu, dada," muuguzi alisema. "Shida ni hizo pumzi zinazokatika. Moyo wa mzee umechoka. Akilala bila hii, hata mchana, kuna siku hataamka."

Kwa barakoa, Mzee Kochi alilala bila sauti. Fundi viatu alichungulia. "Trekta limeishiwa mafuta?" Wote walicheka, hata Mzee alipoamka na kusimuliwa.

Kesho yake karakana ilinuka nywele zilizoungua. Binti alitafuta waya ulioshika moto, hakuuona. Mzee alikuwa amelala, mashine ikinong'ona kando yake, na sponji za makochi ambayo hayajavishwa vitambaa zikaanza kubonyea na kuinuka moja baada ya nyingine, kuanzia ya kochi la mlangoni, kana kwamba kuna mtu anazikalia na kuinuka akija upande wa Mzee, hadi zamu ikafika kwenye kochi alilolalia, likabonyea pembeni ya kichwa chake, na binti aliposhika bomba la hewa la mashine alihisi hewa ikivutwa kutoka upande wa pili, kwa nguvu, na kwa hasira.

Mdomo wa Mzee ulifunguka chini ya barakoa. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Alipokuwa akiacha kupumua, nilikuwa napumua mimi. Ilikuwa zamu yangu. Toa hili dude."

"Nani wewe?" binti alinong'ona.

"Toa. Au nitaikaba shingo hii hata akiwa macho."

Hakutoa. Mzee alipoamka alikuwa na alama za vidole shingoni, na vidole hivyo vilikuwa virefu mno.

Mganga aliitwa siku iliyofuata. Alikuwa rika la Mzee, tumbo lake limetangulia, na alifika mlangoni akihema. Mzee alikuwa tayari amelazwa. Mganga alinusa hewa, akatazama barakoa.

"Ivue hiyo."

"Nikiivua atakufa."

"Mwanangu, nitalitoaje pepo hili wakati umeziba njia?"

"Sijui, mzee. Ila haivuliwi."

Mganga akaanza kazi hivyo hivyo. Alifukiza, akasoma, jasho likimtiririka, na kadiri alivyopandisha sauti ndivyo makochi yalivyosukumwa ukutani, mikasi ikaruka mezani, shingo ya Mzee ikajikunja nyuma na kitu ndani yake kikatukana matusi ambayo binti hakuwahi kuyasikia kwa mtu yeyote, mpaka pazia likang'oka na fimbo yake likaanguka barabarani.

Kukawa kimya. Ile harufu ikaisha. Mzee Kochi alilala, uso umerudia rangi yake.

"Limetoka," mganga alisema, akijifuta jasho. "Halijaenda mbali. Litatafuta pengine. Baba yako asilale bila hiyo kitu. Ngoja nijinyooshe kidogo."

Alijilaza chali kwenye kochi lililokuwa karibu. Muda si muda alikuwa akikoroma. Kisha mkoromo ukakatika.

Sponji ilibonyea pembeni ya kichwa chake. Mdomo wa mganga ulipanuka, na sauti ile ikasema polepole, "Hapa pana nafasi."

Binti alinyoosha mkono kumwamsha. Mkono ukabaki hewani. Barakoa ilikuwa moja, na likifukuzwa hapa lingerudi kwenye kochi la pili, alikolala baba yake.

Alikaza ukanda wa barakoa nyuma ya kichwa cha Mzee. Akarudi kwenye cherehani, akakaa, akaikunja mikono mapajani.

Baadaye mganga aligutuka, akajifuta mdomo kwa aibu.

"Nimewasumbua? Mke wangu husema nakoroma sana."

"Hata kidogo, mzee," binti alisema, akimpa mfuko wake wa dawa. "Umelala kimya kabisa."