Mtu Amefichwa

Jua lilikuwa limeshaangukia upande wa msitu, na Immaculate alikuwa bado anafukuzana na kuku mmoja mkaidi uani. Wengine wote walishaingia bandani. Huyu mwekundu, aliyezoea kuingia nyumbani jioni na kudonoa chini ya meza kama mwenye nyumba, alimzungusha hadi nyuma ya migomba kabla ya kukubali. Immaculate akafunga banda kwa waya, akautikisa mlango, akautikisa tena. Tangu mama yake azikwe, hakuna kuku aliyebaki nje jioni.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe inauma kuisimulia.

Kazi yake Immaculate ni kupanga vyumba. Watu wa nchi za mbali humtumia picha za nyumba zao, naye, akiwa kwao nje kidogo ya mji wa Kakamega, huvaa miwani mikubwa ya kompyuta inayofunika macho na masikio, akawapangia viti na makabati hewani. Uzuri wa miwani ile ni kwamba chumba chako mwenyewe bado unakiona nyuma ya kazi. Ubaya wake ni huohuo. Utampangia mzungu sebule vipi na sufuria ya obusuma, ugali wa kwao, iko pale inakutazama? Kwa hiyo walioitengeneza waliweka njia ya kupunguza usumbufu. Unaelekeza kidole, unasema "ficha," na ukungu wa kijivu unakifunika kile kitu. Sauti yake nayo inazimwa.

Alianza na sufuria. Ikafuata redio. Likafuata dirisha la barabarani.

Kisha akamfikia mama.

Mama alikuwa mjane mwenye presha. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango, na hapo alikaa akitafuna mukombero, ule mzizi wenye harufu tamu, na kuongea mchana kutwa. "Mukhana wanje, binti yangu, hii chai itapoa." "Mukhana wanje, wewe unakulanga saa ngapi?" Immaculate alimpenda sana, na mama alimchosha sana. Siku moja akamwelekezea kidole. Miwani, inayojua Kiswahili sanifu kuliko ukoo mzima, ikauliza: "Nimfiche mtu huyu daima?"

Akasema ndiyo. Ulimi hauna mfupa.

Jioni ya msiba alikuwa kazini, na ukungu wa pale kitini alishauzoea hata hautazami. Akahisi kitu kikivuta pindo la sketi yake. Kikavuta tena. Ni yule kuku mwekundu, akawaza.

"Shii," akasema, akakisukuma kwa mguu.

Kikaacha.

Ni Wesley, mdogo wake, aliyeingia na kumvua miwani kwa nguvu. Mama alikuwa amelala sakafuni, mkono umenyooshwa kuelekea mguu wa binti yake. Alikuwa ameshapoa.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, senge Roda, dada ya marehemu baba yao, alimvuta kando akamnong'oneza. "Mtu akikufa akiita, anaitanga mpaka aitikiwe. Ukimsikia, itika. Ataenda."

"Sitamsikia, senge. Nilimzima."

Senge akaachia mkono wake, akarudi kwa wenzake.

Jana alipoijaribu miwani, Immaculate aliona kijivu pale kitini, akamwita Wesley.

"Ni kamera imechafuka, siste," Wesley akasema, akiipangusa kwa fulana. "Ama imekumbuka mahali alikuwanga anakaa. Hizi vitu hukumbuka."

Ni maneno ya busara, na Immaculate alitaka kuyaamini. Kwa hiyo leo, kuku wakiwa wamefungiwa na Wesley akiwa sokoni, aliufunga mlango, akaketi, akavaa miwani.

Kitini palikuwa na ukungu.

Akaivua. Kiti kitupu. Akaivaa tena...

Ukungu ukainama mbele, taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu anayetaka kusimama.

Ndipo harufu ikamfikia. Mukombero. Kamera haina harufu.

Hofu alikuwa nayo, lakini hamu ilikuwa kubwa zaidi. Alitaka kuuona uso ule mara moja tu, aitike, aseme kwamba alidhani ni kuku.

"Mwonyeshe," akanong'ona. "Mwonyeshe mama."

Ukungu ukatoweka. Kiti kilibaki na mto wake ulioshuka katikati, na hapakuwa na mtu. Miwani haiwezi kuonyesha asiyekuwepo, inaweza tu kumficha. Na sasa alikuwa amempoteza hata katika kufichwa.

"Ficha," akasema haraka. "Mfiche tena."

"Elekeza kidole kwa mtu."

Akaelekeza kitini.

"Hakuna mtu."

Mlangoni.

"Hakuna mtu."

Akaelekeza kila pembe ya chumba kile, na kila pembe ikapewa jibu lilelile, kwa sauti ileile ya adabu. Immaculate akalia kwa kilio ambacho hakukilia hata kaburini.

Kisha pindo la sketi likavutwa.

Kwa upole... Kisha tena.

Kuku wote walikuwa bandani. Alifunga waya kwa mikono yake mwenyewe.

Hakutazama chini. Alikishusha kidole mpaka penye mguu wake.

Miwani ikakawia kidogo.

"Mtu amefichwa."

"Niko, mama," Immaculate akaitika. "Niko hapa. Nisamehe." Akaitika tena, na tena, kama alivyoagizwa na senge. Alingoja mkono uachie. Haukuachia, naye mguu wake hakuusogeza.

Wesley aliporudi na unga, alimkuta vivyo hivyo, miwani usoni, midomo ikicheza bila sauti. Akamwita. Akamwita tena kwa nguvu, wala dada yake hakugeuka. Wesley akainama kuokota mfuko wa unga uliomponyoka, na hapo akaliona pindo la sketi. Lilikuwa limenyooka mpaka sakafuni, limekazwa, na hakukuwa na kitu kilicholishika.