Bakuli Lililojaa

Saa sita mchana naona mikono ya wenzangu inaacha kazi. Ndivyo ninavyojua kwamba chakula kiko tayari. Mimi ni kiziwi. Nilikuwa na miaka tisa homa iliponiziba masikio. Kusema naweza, ila sauti yangu siijui tena.

Naitwa Aichurek. Nashona magodoro ya maharusi katika karakana ya dada Sabira, hapa Naryn, mji wa milimani. Nilipoanza kazi, meza za wenzangu zilikuwa karibu na jiko. Yangu ilikuwa nyuma, imetazama ukuta. Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Niliutazama majira yote ya baridi, mpaka tukazoeana.

Wakati wa kula tulikaa chini kuzunguka kitambaa cha chakula. Palikuwa na mkate, malai na jamu. Wenzangu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilimgusa Toktobubu, aliyekaa kando yangu.

"Mnacheka nini?"

"Si kitu. Nitakuambia baadaye."

Hiyo baadaye haikuwahi kufika.

Hayo niliyavumilia. Lililonichoma ni chai. Kwetu chai hunywewa kwa bakuli, na mtu unayempenda humjazii. Unamtilia kidogo, anakunywa, anakurudishia bakuli, unamtilia tena. Ndivyo mnavyokaa pamoja. Bakuli likijaa, maana yake kunywa uende zako. Hata mtoto anajua. Dada Sabira aliwatilia wenzangu nusu nusu. Mimi alinijazia mpaka pomoni, kila siku, kisha akanitabasamia. Nilikunywa, nikarudi kwenye msumari wangu.

Nilimweleza mama. Alinigeuzia uso, kama anavyofanya siku zote, ili nimsome midomo.

"Amekwambia uondoke?"

"Hajasema. Ananijazia bakuli."

"Basi rudi nyumbani, mwanangu. Huko huna mtu."

"Na nyumbani nitaongea na nani, mama? Na ng'ombe?"

"Ng'ombe angalau hawatakujazia bakuli."

Tulicheka kidogo, kisha nikalia. Kazi naipenda. Mshono wangu hauna anayeulalamikia. Lakini mtu hawezi kukaa mahali anapofukuzwa kila mchana. Nikakata shauri: nitamaliza godoro lililoko mezani, nitaaga.

Siku niliyolimaliza, alikuja mwanamke mwenye kiti cha magurudumu. Aliitwa Jipara. Chama cha watu wenye ulemavu cha mji wetu kilikuwa kinawafundisha waajiri na watoa huduma jinsi ya kuwatendea watu kama sisi, na zamu ilikuwa yetu. Mwuza dawa wa jirani naye alialikwa. Jipara alikuja na mkalimani wa lugha ya alama, lugha niliyojifunza shuleni. Kwa mara ya kwanza nikayapata mazungumzo yote ya chumba kile.

"Wanaume wawili wamenibeba kwenye ngazi zenu," Jipara alianza. "Hakuna aliyeniuliza nishikwe wapi. Nimeingia kama gunia la viazi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, wakati uleule.

"Sisi hapa hatubagui," alisema dada Sabira. "Aichurek nimemweka nyuma kabisa, kelele za mashine zisimsumbue."

"Kelele, dada?" Jipara aliuliza. "Zimsumbue kiziwi?"

"Hata mimi nilisema hivyo," Toktobubu akadakia. "Nikaambiwa nishone, niache maneno."

Kumbe Toktobubu ana maneno! Miezi yote nimekaa kando yake sijui.

Mwuza dawa naye akajitetea. "Mimi dawa zake namweleza mama yake vizuri."

"Anayezinywa ni mama yake?" Jipara alimuuliza.



"Nia zenu ni njema," Jipara aliendelea. "Ila mnamwamulia mtu mzima. Kutosikia ni hali yake. Huu upweke mmemtengenezea ninyi, na ninyi mnaweza kuuondoa. Mmewahi kumuuliza anataka nini?"

Jipara akanigeukia.

"Aichurek, wewe unasemaje?"

Nilisimama. Nikatumia sauti yangu, vyovyote ilivyo.

"Dada Sabira, nimekukosea nini? Kila siku unanijazia bakuli. Leo nimemaliza godoro. Nilitaka kuaga."

Dada Sabira alishika mdomo. Akaja mbele yangu, akanitazama usoni, akasema polepole.

"Nilijaza usihangaike kuomba. Nilidhani unaona haya kusema."

"Sioni haya. Hakuna anayenitazama nikisema."

"Nilisahau maana yake, mdogo wangu. Kwako tu ndipo niliposahau."

Hakuwa na uongo usoni. Nyuso nazijua, ndiyo kazi yangu ya pili.

Jipara hakutuacha tukilia. Aliniuliza nataka meza wapi. Nikachagua katikati, niione milango na midomo ya watu. Nikaomba mtu anayeniita agonge meza, asinirushie vitambaa kama walivyozoea. Toktobubu akaomba nimfundishe alama, akaanza na za matusi, kama nilivyotarajia. Baadaye dada Sabira aliweka njia ya mteremko kando ya ngazi, baada ya kumuuliza Jipara upana. Mwuza dawa sasa ananitazama mimi akieleza dawa, na nisipoelewa anaandika.

Siku nyingine ninakuwa mpweke bado. Wanasahau, wanaongea wote pamoja. Lakini sasa nagonga meza mimi.

Mchana ule wa mafunzo tulikaa kwenye kitambaa. Dada Sabira alishika birika. Akanitilia nusu. Nikanywa, nikarudisha bakuli. Akanitilia tena. Nikarudisha tena, na tena, bila kiu.

Toktobubu akanigusa, akanigeuzia uso nimwone vizuri.

"Wewe," alisema, "kesho uje na majani yako ya chai."