Mkanda Wenye Alama Nyekundu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Chiriku na mama yake walikaa sebuleni kukagua mikanda. Mama alikuwa fundi wa minara ya simu, ile mirefu inayotuwezesha kutumiana salamu na porojo mtandaoni, na mkanda ndio uliomshikilia huko juu. Aliupitisha vidoleni mshono kwa mshono, macho ameyafumba. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini saa hiyo alinyamaza kimya.

"Kabla sijapanda nauliza nini?" mama humtania.

"Nani yuko chini?"

"Na Mzee Pole anajibu nini?"

"Niko mimi, nimeshika!"

Mzee Pole ndiye aliyemshikia mama kamba kwa miaka tisa. Asipojibu, mama hapandi hata hatua moja.

Wiki hiyo Chiriku alikuwa na lake kichwani. Aligombea ukiranja mkuu, na kura zingepigwa Ijumaa. Mpinzani wake aliitwa Bondia, mvulana wa kifua mbele ambaye hakuwahi kupigana na mtu. Kampeni zilikuwa zimehamia mtandaoni, kwenye kundi la wanafunzi lililoitwa Majasiri. Humo Chiriku aliandika maoni yake: shule ina bomba moja kwa watoto mia nne, wadogo wa darasa la kwanza husukumwa mpaka kengele inalia hawajanywa maji, na zamu zingemaliza tabu hiyo. Aliandika mpaka kidole kikamuuma. Waliopenda walikuwa wawili: rafiki yake Miwani, na yeye mwenyewe.

Bondia hakuandika neno. Aliweka picha yake akiwa amesimama kwenye ukingo mwembamba katikati ya mwamba, kule kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Alipata mioyo mia mbili. "Kiongozi ndiye huyu," mmoja aliandika. "Chiriku atapanda nini, kitanda?" Chiriku aliisoma sentensi hiyo mara sita, na kila mara ilimchoma upya.

Alhamisi baada ya masomo, alivuta gunia chini ya kitanda cha mama. Mikanda mingine mama alikuwa nayo kazini. Ulibaki mmoja tu, wenye alama kubwa ya rangi nyekundu, pamoja na kamba ya akiba. Chiriku alifurahi, maana alidhani nyekundu ni alama ya fundi mkuu.

"Turudi nyumbani, bwana," Miwani alimsihi walipofika machimboni. "Ukiranja si kitu cha kufia."

"Wewe rusha picha tu. Nina mkanda wa mama."

Miwani alibaki chini na simu ya dada yake, akirusha picha moja kwa moja kwa Majasiri. Chiriku alizunguka nyuma ya mwamba, akapanda hadi juu, akafunga kamba kwenye nguzo ya chuma iliyoachwa na wachimbaji, kisha akaanza kushuka kuelekea ule ukingo. Alikuwa amebakiza kimo cha mtu mmoja aliposikia kitu kikichanika kiunoni. Mkanda uliachia. Alianguka juu ya ukingo kwa magoti, akaukumbatia mwamba. Mkanda ulipita mbele yake na kutua chini kabisa, na kamba ikabaki inaning'inia mahali asipoweza kuifikia.

"Nani yuko chini?" alilia.

"Niko mimi!" Miwani alijibu, naye analia. "Lakini sijashika kitu!"

Kwenye simu watu mia moja na zaidi walikuwa wanatazama. "Simama tukuone!" waliandika. "Usituangushe!" Mioyo ilipanda kama mapovu ya sabuni. Miwani alikata picha zile katikati, akampigia mama yake Chiriku.

Gari la mafundi lilifika baada ya muda ambao Chiriku aliuona mrefu kuliko mwaka. Kwanza alisikia sauti huko juu ikiuliza, "Nani ameshika?" na sauti nzito ya Mzee Pole, "Niko mimi, nimeshika." Kisha zikaja buti za mama, magoti ya mama, na mwishowe mikono ya mama.

"Nipo, mwanangu. Usitazame chini. Nishike shingoni, kama ulipokuwa mdogo."

Mama hakumgombeza. Walipofika chini alikaa naye juu ya jiwe, akampangusa magoti yaliyochubuka.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nyekundu ni ya mkubwa."

"Nyekundu maana yake haufai tena. Kosa ni langu pia, sikukwambia." Mama aliuokota ule mkanda. "Huu ulinidaka siku niliyoteleza, wewe ukiwa na miezi minne. Mishono ililegea yote. Nilitakiwa kuukata siku hiyo hiyo, ila sikuwa na moyo wa kuutupa."

Chiriku aliangua kilio, naye mama akamkumbatia mpaka kikaisha.

"Sikiliza," mama alisema. "Watu zaidi ya mia walikutazama leo. Aliyekusaidia ni mmoja, na ndiye aliyeacha kutazama. Usipande mahali kwa ajili ya watazamaji. Na hiyo kura unayoitaka, unajua maana yake? Unawaambia wenzako, pandeni, mimi nimeshika kamba. Yale maneno yako ya bomba ndiyo kamba yenyewe. Mwamba huu haumhusu mtu."

Mama aliukata mkanda vipande viwili pale pale. Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya shule na vipande vile mkononi, akaeleza yote bila kujipamba, kisha akasema habari ya bomba. Alishindwa kwa kura kumi na moja.

Aliinamisha kichwa mpaka Bondia alipomfuata getini, kifua kimerudi nyuma.

"Ile picha," alisema kwa sauti ya chini, "nilikaa pale saa nzima nalia kabla ya kuweza kushuka. Nimeifuta. Zile zamu za bomba ulisema zinakwendaje? Nataka uzisimamie wewe."

Jumamosi asubuhi mama alimwekea Chiriku mkanda mpya mapajani. Chiriku alifumba macho na kuupitisha vidoleni, mshono kwa mshono, mpaka wa mwisho.

"Mzima," alisema.

Mama hakurudia kuukagua. Aliuvaa, akaenda kazini.